Betri Kwanza

Kituo cha mafuta,
9 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na usingizi unaupata. Mimi ni mzima, nakula vizuri, kile kikohozi kimeisha. Salamu zimetosha, sasa nisikilize.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nani amegusa waya za gari langu? Tafadhali usiniambie panya. Panya hawanyooshi waya wakazifunga kwa vibanio, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi.

Nilikuachia gari uani nikaenda kwenye mafunzo ya chanjo. Nilikuomba kitu kimoja tu, tena ukiwa umeshika funguo mkononi: ufungue mlango asubuhi, uangalie kama friji inapoza, basi. Ulijua kilichokuwa ndani ya friji. Chanjo za kuku za wateja wangu wote wa mwezi huu, zile ambazo zikipata joto kidogo tu zimekwisha kazi. Ukaniambia, "Nenda zako, kwani friji ni mtoto mchanga?"

Niliporudi nilikuwa na haraka. Nikaona taa ya kijani inawaka, nikakushukuru, nikaingia barabarani. Kesho yake friji ikanyamaza. Nilipoifungua chanjo zilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea. Nimezimwaga zote, moja baada ya nyingine, huku nalia kama mjinga kando ya barabara na malori yananipigia honi.

Kisha nikainua ubao chini ya kitanda changu humo garini. Kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli ya juu ya paa na betri ili umeme usizidi, kinanuka plastiki iliyoungua. Betri imekauka kabisa kwa sababu haikuwa inapokea kitu. Na waya zote si zangu. Zangu zilikuwa zimejipindapinda, sikatai, lakini gari hili limenilaza na taa mwaka mzima. Hizi nilizozikuta zimenyooka kama za kwenye maonyesho. Baba, mkono wako naujua tangu sijaota meno.

Nataka kujua ulifanya nini, na ulianza na kipi ukamaliza na kipi. Usinizungushe.

Ni mimi,
binti yako

---

Nyumbani,
14 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale, haujahama. Hapa nyumbani wote wazima, na wote ni mimi na paka. Nashukuru kusikia kikohozi kimeisha, maana kilinikera hata mimi niliyekuwa chumba cha pili.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena kuhakikisha kama aliyeiandika ni mtu niliyemzaa. "Nani amegusa waya." Kana kwamba mwizi ameruka ukuta! Mimi nimefunga umeme kwenye zahanati, kwenye shule uliyosoma wewe, kwenye zile nyumba zote za juu pale kilimani, na hakuna hata moja iliyotoa moshi. Leo naulizwa maswali na mtu ambaye nilimfundisha kushika bisibisi upande wa mpini.

Ndiyo, nimegusa. Nilifungua mlango kuangalia friji kama nilivyoagizwa, nikaona aibu. Waya kama nywele za mtu aliyetoka kitandani! Mtoto wa fundi! Mtu akichungulia humo atasema nini, atasema baba yake alikuwa fundi wa viatu? Nikazitoa zote nikaanza upya. Na kosa jingine nililolikuta humo sitaliandika, maana naona hasira ulizonazo zinakutosha.

Unauliza nilianza na kipi. Nilianza kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha wengine: unaanza mwisho, unamalizia kwenye chanzo. Ndani ya nyumba unafunga taa, unafunga swichi, unavuta waya, na kwenye mita unafika mwisho kabisa, ili umeme usikukute bado una mikono ndani. Kwa hiyo nikafunga friji, nikafunga paneli, na betri ambayo ndiyo chanzo nikaifunga mwisho. Taa ikawaka kijani. Nikafunga mlango, nikanawa mikono. Kama kisanduku chako kimeungua, kamuulize aliyekuuzia. Vitu vya siku hizi vinatengenezwa na watu wenye haraka ya kwenda nyumbani.

Chumba chako kipo. Nimebadilisha kitasa, kile cha zamani kilikuwa kinakwama. Mtu mwenye chumba chake hana sababu ya kulala ndani ya gari la kusambazia mikate kama mlinzi wa maegesho.

Baba yako mzazi

---

Kituo cha mafuta,
20 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Kuna mama mfugaji nilikusimulia, yule wa kwanza kuniita kuchanja wakati hakuna aliyekuwa ananijua, akanipa na kiti nikae. Zamu ya vifaranga vyake ilikuwa siku ileile niliyomwaga chanjo. Nikamwambia avumilie, nahangaika kutafuta nyingine. Kideri, kile kinachomaliza kuku, hakikuvumilia. Kimepita bandani kama ufagio. Nilipofika nilimkuta anavitoa kwa koleo. Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliniuliza tu, "Daktari wa kuku, friji si ulisema unayo?" Kisha akaniomba nisirudi tena.

Sasa naomba usome polepole, hata kama moyo unakwenda mbio. Kwenye sola betri inafungwa kwanza. Kontrola ikiguswa na betri ndiyo inaamka, ndiyo inajua iko kwenye volti ngapi. Ukiipa paneli kabla ya betri, tena mchana jua limekaa utosini, inapokea umeme wote na haina pa kuupeleka. Inaungua ndani kwa ndani huku taa inakuchekea. Chanzo si betri, baba. Chanzo kiko juu ya paa, na hakina swichi. Ukitaka kukizima inabidi ukifunike blanketi. Na yote hayo yamechorwa kwenye kisanduku chenyewe: moja betri, mbili paneli, tatu friji. Mtoto wa chekechea angeweza kuufuata ule mchoro.

Sikuandika haya ili nikuonyeshe najua. Nimeandika ili nikuulize. Siku naondoka na gari hili ulisimama getini ukasema, majirani wote wanasikia, "Litakushinda, utarudi." Tangu siku hiyo hukumaliza mazungumzo hata mara moja bila kunitajia chumba. Hata kwenye barua hii, vifaa vyangu vimeungua, kazi yangu imekwama, wewe unaniambia habari za kitasa.

Kwa hiyo nijibu hili peke yake. Hukujua, au ulijua? Kama hukujua, sema sikujua. Nitakasirika, nitapiga kelele, yataisha. Kama ulijua, kama ulitaka linishinde kweli nirudi, sema hivyo pia. Ila usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimechoka kukisia.

Binti yako

---

Nyumbani,
1 Machi

Binti yangu,

Salamu nimezipokea. Hapa wazima.

Mpe pole yule mama. Nasema kwa moyo, vifaranga havikuwa na kosa na mtu.

Hayo mengine sasa. Unanipa mimi mafunzo ya umeme kwa barua! Moja betri, mbili paneli, mtoto wa chekechea. Nimekulea peke yangu tangu mama yako alipotutoka, sikukulea ili unisimamishe mbele ya ubao kama mwanafunzi aliyefeli. Sikujua? Mimi? Nenda katika mtaa huu, gonga mlango wowote, uliza kama kuna kitu cha waya nisichokijua. Watakucheka mpaka ushike ukuta.

Unataka jibu, chukua jibu. Nilijua. Nilijua kitaungua, nikafunga hivyohivyo, kwa sababu nilitaka urudi nyumbani ukae kama watu. Umeridhika? Nilifanya makusudi. Bandika ukutani.

Baba yako

---

Nyumbani,
29 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Hapa hatujambo. Mvua zimeanza, paka amehamia juu ya kabati.

Nimekaa nasubiri jibu, naona kimya. Nikasema labda barua imepotea, halafu nikasema barua za siku zote zinafika, iweje hii tu ipotee. Kama umeamua kunisusia, sema umenisusia. Mzazi akikosea huambiwa, hakaliwi kimya kama mtu aliyekuja kuomba maji. Mimi na mama yako tuligombana mpaka majirani wakazima redio zao wasikilize, lakini kunyamaziana hatukuwahi. Hiyo tabia umeitoa wapi?

Sijasema kwamba naomba msamaha. Nasema andika. Hata matusi andika, nitayasoma.

Baba yako

---

Nyumbani,
26 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nimepiga simu pale kituo cha mafuta. Mama wa kwenye kaunta amesema barua unazichukua, unazitia mfukoni, unaondoka. Anasema umekonda. Basi, nilitaka kujua kama uko hai, nimejua. Nimekasirika na sitaki kujua kingine.

Nimemwambia yule mama: kama hali, mwambieni ale.

Baba

---

Kituo cha mafuta,
17 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na kula nakula. Huyo mama wa kaunta aangalie pampu zake.

Barua zako mbili za mwisho nilizisoma siku moja, jana, nimekaa sakafuni ndani ya gari. Ile ya Machi mosi nilikuwa nimeisoma zamani, nikaikunja, na zilizofuata sikuwa na nguvu ya kuzifungua. Kilichonifanya nizifungue nitakueleza.

Tangu kontrola iungue nimekuwa nikitembea na sanduku la barafu la kuazima. Siendi mbali, nachanja mabanda ya karibu tu, asubuhi na mapema, nakimbizana na joto. Wiki hii nimepata kontrola nyingine. Jana nikainua ubao chini ya kitanda nitoe ile iliyokufa, na safari hii nikalala chali kabisa na tochi mdomoni nifuate kila waya mpaka unapoishia. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, nilikuwa nalia.

Pale waya unapotoka kwenye betri, umeweka fyuzi. Mimi sikuwa nimeweka. Niliisahau, baba. Mwaka mzima nimelala juu ya betri ambayo waya wake mmoja tu ungechubuka, mimi ningekuwa majivu kabla ya kutafuta mlango. Hilo ndilo lile kosa ulilosema hutaliandika. Na pale waya unapopenya kwenye bati, pale ambapo ungechubuka kweli, umezungushia mpira ili bati lisiukate. Nimeuangalia ule mpira kwa karibu. Ni wa ndala. Ni zile ndala zako za bluu, umezikata.

Nimekaa pale sakafuni hasira zimenipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu anayetaka kuniharibia gari nirudi nyumbani hakati ndala zake. Haweki fyuzi nisiungue usingizini. Hukufanya makusudi. Hukujua! Ulikosea tu, kosa la mtu aliyefunga majumba maisha yake yote akakutana na kitu kinachoanzia upande mwingine. Ungesema neno lile dogo nililokuomba, tungekuwa tumeshalicheka.

Badala yake ukaniambia ulinikomoa. Baba, unajua nimeishije miezi hii? Nimeishi nikiwa na baba aliyekaa akafikiri, akapanga, akanivunjia riziki yangu kwa mikono yake. Nilikuwa napika nikishamaliza namwaga. Nilipita barabara ya nyumbani mara mbili kwa ajili ya kazi, nikaongeza mwendo nisione geti. Yule mama mfugaji nilimpigia simu nikamwambia ni baba yangu aliyefanya hivi, nikakuchafua mbele ya mtu asiyekujua. Nani atanirudishia maneno hayo? Kontrola nimepata nyingine. Chanjo nitapata. Huu uongo wako ndio siwezi kuumeza. Kujua umeme kuna utamu gani, mpaka mtu akubali mtoto wake wa pekee amchukie kuliko kusema "sikujua"?

Jumamosi ya tarehe 30 nafunga kontrola mpya, hapahapa nyuma ya kituo, kuna kivuli. Nataka uje. Lakini huji kama fundi. Mimi ndiye nitakayefunga. Wewe utashika tochi, maana chini ya kitanda ni giza, na nitakuwa nataja kwa sauti kila ninachofunga, na wewe utanyamaza. Nikisema betri kwanza, hutasema neno.

Usipokuja nitajua unalipenda jina lako la ufundi kuliko unavyonipenda mimi. Nami sitaandika tena. Ujue natimiza ninachosema, kwa sababu kichwa hiki kigumu nimekitoa kwako.

Binti yako

---

Nyumbani,
24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umejaa vita.

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana, zilikuwa za kukujibu ubishi kwa ubishi. Hii nitaituma hivi ilivyo.

Sikujua. Haya, nimeliandika, na kalamu imetoboa karatasi kama unavyoona. Sikujua kwamba inaanza betri. Ule mchoro niliuona, nikasema michoro ni ya wasiojua kazi. Na barua yako ya pili ilipofika nilikwenda kwa kijana wa duka la sola nikajifanya naulizia kwa niaba ya mtu mwingine, akanijibu maneno yaleyale uliyoandika wewe. Nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba nilijua. Na yule mama mfugaji, nitamfuata mwenyewe nimwambie kosa la nani. Usinizuie.

Unauliza utamu uko wapi. Hakuna utamu, mwanangu, kuna woga. Fundi kijana akikosea hutukanwa, anakwenda zake, kesho anafunga vizuri. Mimi nikikosea hakuna atakayenitukana. Watasema masikini, mzee wa watu, wataanza kunibebea begi la vifaa na kunishika kiwiko tukivuka barabara. Nikaona bora unichukie. Baba mbaya bado ni mtu wa kuogopwa. Ndivyo nilivyowaza, na nilijiona nimewaza vizuri sana.

Kuna jingine. Zile waya ulizoziona zimenyooka zilinichukua mchana kutwa. Kazi ile zamani ningeimaliza huku napiga mluzi. Mkono wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka jana kwa kidole, nikasema ni baridi, sasa ni mkono wote. Skrubu ndogo naishika kwa mkono huu na huu mwingine unaushika mkono wenyewe. Wateja wakiita nawaambia nina safari. Sijasafiri popote, niko ndani na paka. Chumba ninachokutajia kila siku sikukuwekea kwa sababu wewe unakihitaji. Mimi ndiye ninayehitaji mtu ndani ya nyumba hii, na sikujua namna ya kulisema bila kuligeuza liwe kosa lako. Gari lako ni zuri. Hilo nalo sikukwambia.

Tarehe 30 nitakuja. Nitanyamaza pia, ukisema betri kwanza nitafunga mdomo, ingawa itaniuma. Ila tochi siwezi kushika. Si kiburi, naomba uniamini kwa hili. Mwanga utacheza huku na kule, hutaona kitu, na utageuka uniangalie. Tafuta msumari uitundike hiyo tochi, halafu unipe kazi nyingine, yoyote utakayoiona inanifaa.

Na nikifika nikute bado umekasirika. Usije ukanipokea kwa upole, mwanangu, nitageuza papo hapo nirudi nyumbani. Nipigie kelele kama ulivyoandika.

Baba yako